Kompyuta Inapokataa Kuzimika



Wiki hii twazungumzia jambo linalowakera wengi majumbani. Mama amemaliza hesabu za chama baada ya sala ya Isha, ameiamuru kompyuta izimike, na dakika zapita kioo kikiwa bado kinawaka. Amechoka, na mkono wamwenda kwenye flashi aichomoe akalale.

Sisi tuliwahi kuichomoa. Asubuhi yake faili ya michango ya kikundi haikufunguka, ikatubidi kuandika upya hesabu zote kutoka kwenye risiti, huku wenzetu wakingoja kujua nani amelipa na nani bado. Tuliona haya, kwani fedha za watu ni amana, na hesabu yake ni amana vilevile.

Sababu ya ukaidi huo ni hii. Mtu anapohifadhi kazi, huenda sehemu yake ikakaa kwanza katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, iandikwe kwenye diski baadaye kidogo. Kompyuta inapozimika huandika kilichosalia, kisha huiachilia diski. Lakini ikiwa programu yoyote bado imefungua faili iliyomo humo, diski huhesabiwa kuwa inatumika, na haiachiliwi.

Basi, kabla ya kuzima, tuhifadhi kazi na tufunge kila dirisha, pamoja na lile linaloonyesha orodha ya faili na programu inayocheza mawaidha yaliyomo kwenye flashi. Kisha tubonyeze alama ya kuondoa diski kwa usalama. Kompyuta ikisema diski ingali inatumika, tuizime flashi ikiwa mahali pake, na tuichomoe baada ya taa zote kuzimika.

Watumiaji wa Linux wanaweza kutumia amri ya lsof au fuser, ambayo hutaja programu iliyoishikilia diski. Mifumo mingi ya Linux huisubiri programu kaidi kwa sekunde 90 kabla ya kuilazimisha kufunga. Kwa hivyo, kungoja dakika mbili si ajabu. Na ikiwa faili ziko katika kompyuta nyingine kupitia mtandao wa nyumbani, tusizime kisanduku cha Wi-Fi kwanza, kwani kompyuta itabaki ikiitafuta diski isiyofikika tena.

Kushikilia kitufe cha umeme mpaka kompyuta izimike kuwe ni hatua ya mwisho, baada ya kungoja vya kutosha na taa ya diski kuacha kumetameta. Tukiiwasha tena, diski ikaguliwe makosa kabla ya kuandikwa chochote.

Zaidi ya yote, hesabu za watu zisikae mahali pamoja. Nakala ya pili, katika flashi nyingine iliyo mikononi mwa mwekahazina, ingetuepusha na aibu ile.