Kabla ya kununua guta au trekta dogo, hesabu mzigo na watoto

Familia nyingi za Dar es Salaam zimenunua maeneo Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, kando ya barabara ya Bagamoyo. Nyumba ikishasimama, kazi ya kubeba haiishi. Leo ni maji ya kisima, kesho mchanga wa fundi, keshokutwa mbolea ya kuku, nazi, mihogo au kuni. Walio mbali zaidi, Fukayosi na Kiwangwa, wana mananasi ambayo lazima yafike barabarani kabla hayajaharibika.

Mwanzoni mzigo huo hubebwa kwa vichwa na migongo, na mara nyingi ni ya mama na watoto. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Mtoto wa darasa la nne anayelibeba mara tatu kila asubuhi amebeba kilo 60 kabla hajafika shuleni, na wanaoumia ni shingo na mgongo wake. Kwa hiyo familia inapoamua kununua chombo cha kubebea, uamuzi huo ni wa afya pia, si wa fedha peke yake.

Dukani maswali huwa yale yale: bei gani, injini ina nguvu kiasi gani, kinabeba kilo ngapi. Ni maswali ya maana. Lakini kwa nyumba yenye watoto yapo mawili yanayotakiwa kutangulia. Chombo hiki kinasimamaje kikiwa na mzigo? Na mtoto atakuwa wapi wakati kinatembea?

Mzigo wa kila wiki ni upi?

Kosa la kwanza ni kununua kwa kufikiria mzigo mkubwa unaokuja mara moja kwa mwaka. Familia ichukue daftari na kuandika, kwa wiki nne, kila kilichobebwa: nini, kiasi gani, kutoka wapi hadi wapi. Hesabu ni rahisi. Madumu 15 ya maji ni kilo 300. Mifuko 10 ya saruji ni kilo 500. Mita moja ya ujazo ya mchanga ni takribani tani moja na nusu, na huo si mzigo wa guta.

Daftari likionyesha kwamba mzigo mzito huja mara mbili tu kwa mwezi, jibu linaweza kuwa kukodi kirikuu au guta la jirani, na nyumbani kubaki na toroli zuri lenye gurudumu la upepo. Chombo kisichonunuliwa hakihitaji vipuri, na hakina ufunguo wa kuchezewa na mtoto.

Ardhi ikoje?

Ukanda huu una ardhi za aina mbili zinazosumbua. Karibu na bahari, kuanzia Mapinga hadi Kaole na Mlingotini, kuna mchanga unaomeza magurudumu membamba. Kwenye bonde la Ruvu kuna udongo mfinyanzi ambao masika, kati ya Machi na Mei, huteleza na kunasa. Chombo kijaribiwe kwenye njia mbaya kuliko zote za eneo hilo, kikiwa na mzigo. Kukizungusha mbele ya duka kwenye lami hakumwambii mnunuzi lolote.

Hewa ya chumvi nayo inakula chuma. Anayenunua chombo kilichotumika ainame aangalie chini: fremu, nyaya za breki, na sehemu zilizochomelewa. Rangi mpya juu ya kutu ni dalili ya kuuliza zaidi.

Vyombo vinne, kila kimoja na tabia yake

Guta la injini, ambalo wengine huliita toyo, ni rahisi kununua na mafundi wake wapo kila kona. Linafaa kwenye njia ngumu na tambarare. Kwenye mchanga gurudumu la mbele huzama, na kwenye kona linapinduka haraka mzigo ukiwa umepangwa juu. Mzigo mzito ukae chini na katikati, na usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji.

Pawatila ilienea vijijini zaidi baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009. Ilikusudiwa mashamba, hasa ya mpunga, lakini baadhi zimeishia kuvuta tela. Inatumia dizeli kidogo na ina nguvu, ila haina usukani. Dereva hukata kona kwa kubana klachi ya upande anaotaka kwenda. Hapo pana jambo ambalo muuzaji anaweza asiliseme: kwenye mteremko, tela lenye mzigo likiisukuma kwa nyuma, kubana klachi ya kushoto huipeleka kulia. Dereva mgeni anaweza kujikuta anaelekea mtaroni, au kwa watu, huku akifanya kile alichofundishwa kwenye tambarare. Anayeishi kwenye miteremko ya kuingia bonde la Mpiji au Ruvu alifikirie hilo kabla ya bei.

Kirikuu, yale magari madogo ya mizigo yaliyotumika Japani, ina usukani, taa na breki za gari. Ile inayovuta kwa magurudumu yote manne hutembea vizuri zaidi mchangani. Nchini kwao magari hayo yamewekewa kikomo cha kilo 350 za mzigo na injini isiyozidi cc 660. Huku hupakiwa zaidi, na breki zilizotengenezwa kwa kilo 350 ndizo zinazobebeshwa ziada hiyo.

Trekta dogo lenye magurudumu manne ndilo lenye nguvu kuliko yote, na linafaa kwa familia yenye ekari nyingi inayolima na kubeba. Lakini ndilo linaloua kwa njia ya kimya: linapinduka. Mnunuzi asikubali trekta lisilo na fremu imara ya chuma nyuma ya kiti cha dereva, ile inayomkinga likipinduka, pamoja na mkanda. Sweden ilifanya fremu hiyo kuwa lazima kisheria kwa matrekta mapya tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vilipungua sana. Tela lifungwe chini, kwenye chuma cha kuvutia. Likifungwa juu ya ekseli, trekta linaweza kuinuka mbele na kumlalia dereva.

Breki kwanza, nguvu baadaye

Injini yenye nguvu huvuta mzigo hadi mlimani. Kazi ya kuurudisha chini salama ni ya breki. Tela lisilo na breki zake lisipakiwe uzito unaozidi wa chombo kinacholivuta, na kwenye mteremko lipakiwe pungufu ya hapo. Jaribio la kufanya kabla ya kulipa ni hili: mzigo ukiwa kamili, chombo kisimamishwe katikati ya mteremko, breki ya mkono ifungwe, dereva ashuke. Kikisogea, mazungumzo yaishie hapo.

Kama chombo kitatoka na kuingia barabara ya Bagamoyo au ile ya Bagamoyo hadi Msata, kinahitaji usajili, bima, dereva mwenye leseni ya daraja husika, na taa za nyuma zinazowaka. Magari huko huenda kasi, na tela la kuni lisilo na taa saa moja jioni halionekani hadi liwe karibu mno.

Watoto na chombo kinachotembea

Kuna mazoea ambayo wazazi wengi huyaona kama furaha ya shamba: watoto wamekaa juu ya nazi kwenye tela, mmoja ameshikilia bega la dereva. Tela likigonga shina la mnazi, mtoto huangukia mbele ya gurudumu, na dereva hamsikii kwa kelele za injini. Kanuni inayoeleweka na kila mtu ni moja: kiti kimoja, mtu mmoja. Hata safari iwe ya hatua 50.

Hatari ya pili ni kurudi nyuma. Mtoto wa miaka miwili au mitatu akisikia injini hukimbilia kuiona, na dereva wa kirikuu yenye mzigo hamwoni kabisa. Nyumba iwe na utaratibu: kabla injini haijawashwa, mtu mzima aliyetajwa kwa jina awe amemshika mtoto mkono, au mtoto awe nyuma ya geti lililofungwa. "Wapo ndani" si jibu mpaka wahesabiwe.

Hatari ya tatu ni nguo. Mikanda ya pawatila, na shafti inayozunguka nyuma ya trekta wakati wa kuendesha pampu au mashine ya kukoboa, hushika kanga, dera au mkono wa shati lililolegea, na huvuta kabla mtu hajapiga kelele. Vifuniko vyake viwepo siku ya kununua, na vibaki mahali pake baada ya fundi kuondoka.

Je, kijana wa nyumbani anaruhusiwa kuendesha? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza kazi ya hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Kuendesha mashine yenye tela la nusu tani mteremkoni si kazi nyepesi. Kijana anaweza kupanga mizigo injini ikiwa imezimwa, kuosha chombo na kujifunza kukagua oili. Ufunguo ukae kwa mtu mzima, kwa kuwa ukiachwa kwenye swichi mwenye hamu ya kujaribu atautumia.

Dizeli kwenye chupa ya maji

Chombo kikifika, mafuta nayo hufika, na nyumba nyingi huyahifadhi kwenye chupa za maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu haulizi. Mafuta yawekwe kwenye galoni lake, limeandikwa, kwenye stoo iliyofungwa. Mtoto akinywa dizeli au petroli, asilazimishwe kutapika na asipewe maziwa. Akitapika, mafuta huweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi, na akimbizwe hospitali hata kama anaonekana mzima, pamoja na chombo alichonywea.

Kidonda kilichopatikana shambani, hasa chenye udongo au samadi, kioshwe kwa maji mengi na sabuni, na muhusika apelekwe kituo cha afya kuulizia chanjo ya pepopunda.

Kabla ya kutoa fedha

Familia iulize vipuri vinapatikana wapi. Kama hata Kariakoo havijulikani, chombo kitalala uani baada ya mwaka. Iulize fundi wa karibu ni nani, na imwombe aje kukagua. Afisa kilimo wa kata anaweza kueleza ni mashine zipi zinazostahimili udongo wa eneo hilo. Na atakayeendesha afundishwe kwa siku kadhaa, kwanza bila mzigo, kisha na nusu yake.

Mwisho, baba na mama wakae pamoja na daftari lile la wiki nne. Chombo kinachowafaa ni kidogo kuliko vyote vinavyoweza kubeba mzigo wao wa kawaida kwenye njia yao mbaya, na ambacho mtu mzima mmoja anaweza kukisimamisha palepale. Kikizidi hapo, familia itakuwa imelipia nguvu isiyoihitaji, na nguvu hiyo itaegeshwa uani, mahali wanapochezea watoto.