Undugu wa Banakeli: Gamba si Ushahidi

Banakeli, kwa kulitohoa jina lake la Kiingereza, ni mnyama wa baharini ambaye akishakua hujifungia ndani ya vibamba vigumu na kunata palepale hadi kufa kwake, iwe ni kwenye mwamba, mzizi wa mkoko au ubavu wa chombo. Anayemtazama kwa nje humdhania ndugu wa chaza. Hata Cuvier, bingwa wa Ufaransa, alimweka katika kundi la chaza na konokono. Mnamo 1830 John Vaughan Thompson alionyesha kwamba watoto wake huogelea kama watoto wa kaa na kamba, na ukoo wake ukabadilishwa.

Kujua nani ni ndugu wa nani miongoni mwa banakeli wenyewe ni kazi nyingine. Darwin aliishughulikia kwa takriban miaka minane, hadi 1854. Umbo huhadaa: Sacculina, banakeli aishiye kwa kumnyonya kaa, akikomaa hana gamba wala miguu.

Hapa ndipo jenomu ya mitokondria inapofaa. Ni duara dogo la jeni, aghalabu 37, linalorithiwa kwa mama. Uzito wake haumo katika herufi zake pekee, bali pia katika mpangilio wa jeni hizo. Baadhi ya banakeli wana kundi la jeni lililogeuzwa mwelekeo, na geuzo la namna hiyo ni nadra kuzuka mara mbili kwa sadfa. Mwanafunzi wa isimu historia anaufahamu mwendo huu. Wapo waliodanganywa na msamiati wa Kiarabu wakakinyima Kiswahili Ubantu wake, ilhali ngeli na viambishi vya kitenzi vilikuwa wazi mbele yao.

Hata hivyo, wanaoifanya jenomu hii kuwa hakimu wa mwisho wanapita kiasi. Jeni zote 37 hurithiwa kwa pamoja. Kwa hiyo ni shahidi mmoja, si mashahidi 37. Isitoshe, herufi zake hubadilika upesi, na kwa matawi yaliyoachana zamani sana badiliko jipya hulifuta la awali. Sharti jeni za kiini cha seli na visukuku navyo visikilizwe.

Mfasiri wa kitabu cha biolojia atakayeandika "aina ya chaza" atakuwa amemrudisha mnyama huyu kwa Cuvier. Afadhali jina la mkopo lisilodai undugu wowote, hadi wavuvi wa Lamu na Vanga waulizwe wao humwitaje.