Bafle za mu bisi zitoke karibu na vichwa vyetu

Bisi yetu ya kazi, hapa Kolwezi, imefungwa bafle mbili kubwa juu ya viti vya nyuma. Muziki tunaupenda, lakini ile fasi ni mubaya. Nyuma ndiko kunalala ekipe ya usiku, benye kutoka ku konkasere. Masikio inavumilia desibeli 85 kwa masaa 8. Ikifika 88, ni masaa 4 tu. Sasa batu bamekwisha kumaliza fungu yao ku kazi, na mu bisi tunabaongezea tena!

Shofere, ye, iko mbele, mbali na bafle. Anaona muziki ni kidogo, anapandisha. Mwenye kuwa nyuma akilalamika, nani atamusikia?

Tunaomba bafle ndogo ine, zipangwe mbele mpaka nyuma, chini karibu na miguu, sauti kidogo. Hapo kila mutu anasikia bila kupigwa. Ekipe ya usiku ikipanda, za nyuma zizimwe. Ni waya na kazi ya fundi ya siku moja. Tulisema kwa kinywa mara mbili. Barua iko ku biro tangu juma lililopita, na tunangojea jibu.