Herufi ya diske si jina yake



Zamani karatasi zetu zilikuwa mu kabati. Leo ziko mu ordinatere ya biro: fishi za mushahara, orodha ya wenye kulipa sendika, barua za ajali, majina ya wagonjwa wa kifua. Siku mutu anaenda pansio na wanamuuliza miaka yake ya kazi, ni mule tunatafuta. Kwa hiyo tunasema: kila delege anapashwa kujua kitu kimoja chenye kupotezea watu karatasi, ni kusema herufi za diske.

Diske moja inaweza kugawanywa vipande, kama nyumba moja ya kambi yenye vyumba viwili. Windows inaita kimoja C, kingine D. A na B ziliachiwa diskete za zamani, njo maana tunaanza na C. Basi watu wanazani D ni mahali. Hapana. D ni kama namba ya lampe: leo unashuka na 40, kesho na 52, lakini wewe ni mutu ule ule.

Wakati wa Windows 98, kuongeza diske ya pili tu kuliweza kusukuma D yako ikuwe E. Tangu Windows 2000, mashine inakumbuka herufi ilizotoa. Lakini peleka diske mu ordinatere ingine, ao washa mashine na kle ya USB kwa kuitengeneza, herufi zinaweza kubadilika. Kile kipande kidogo cha kuwashia kinaweza kuitwa C, na Windows yako ikaitwa D. Hata kipande cha karatasi zetu kinaweza kupata C. Pale fundi anasema «nafuta C tu, D inabakia», na anafuta kazi ya miaka.

Dawa haiko ngumu. Fungua «Gestion des disques», angalia ukubwa wa kila kipande, halafu ukipe jina: WINDOWS, SENDIKA. Jina linaandikwa mu kipande chenyewe na linasafiri pamoja nacho. Herufi inaandikwa mu Windows, inabakia kule. Herufi ikibadilika, karatasi hazijafutika; unaweza kuirudisha pale pale. Lakini herufi ya kipande chenye Windows, usiiguse. Na mashine ikikuuliza kama ifomate diske, jibu hapana kwanza, halafu chunguza.

Tena, kuweka kopi mu D si kuwa na kopi. C na D ziko mu diske moja. Ikikufa, zote zinakufa pamoja. Kopi iwekwe mu diske ya inje, na ilale mu nyumba ingine.

Wengine watasema: hiyo ni kazi ya fundi, siye ni watu wa mine. Tunajibu: mu mine, fundi wa umeme hafungui sanduku juu mwenzake alimuambia umeme umekatwa. Anaweka kufuli yake, anapima mwenyewe, njo anagusa. Sheria ile ile iingie mu biro zetu: hakuna mutu anafomata kitu kabla delege wawili hawajasoma jina na ukubwa wa kipande, na kabla kopi haijaonekana kwa macho.

Sheria hiyo haiombe makuta, inaomba dakika tano. Maana orodha ikipotea, fundi atachukua malipo yake na kwenda. Mwenye kubakia mulangoni ni mama mujane, anaulizwa alama ya kazi ya bwana yake, na hatuna kitu cha kumupa.