Nyundo ya Mnada Haitoshi Kuleta Haki

Kuna mali ya taifa isiyoonekana kwa macho wala kushikwa kwa mkono: masafa ya redio, yaani njia za angani zinazobeba simu, matangazo na intaneti. Njia hizo zina kikomo. Wawili wakitumia njia moja mahali pamoja, sauti zao hugongana. Kwa hiyo lazima awepo mgawaji. Na penye mgawaji hapakosi kishawishi.

Serikali nyingi zimegawa leseni mezani, kwa uamuzi wa maofisa, na matunda yake yanajulikana. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya India ilifuta leseni 122 zilizogawiwa kwa utaratibu wa anayetangulia kuomba hupewa kwanza.

Basi wengine hutuambia: pigeni mnada, soko litasema ukweli. Hatukubali. Soko husema kile ambacho kanuni zake zinaruhusu.

Tutazame Ujerumani mwaka 1999. Mafungu 10 ya masafa yalinadiwa, na kila dau jipya lilipaswa kuzidi lililotangulia kwa asilimia 10 au zaidi. Kampuni ya Mannesmann ikaweka marki milioni 18.18 kwa kila megahezi katika mafungu matano, na milioni 20 katika matano mengine. Ongezeni asilimia 10 juu ya 18.18: mtapata 20. Mpinzani wake, T-Mobil, hakuhitaji mkutano wa siri ili kuelewa. Ujumbe ulisomeka ndani ya tarakimu. Duru mbili tu, na kila mmoja akaondoka na nusu yake kwa bei ileile ya chini. Kanuni zenyewe ziliwapa lugha ya kuelewana.

Mwaka uliofuata, Uingereza ilifanya vingine. Makampuni manne yalikuwa yameshika soko. Serikali ikatoa leseni tano, na iliyo kubwa kuliko zote ikatengewa mgeni. Washindani 13 wakajitokeza, na hazina ikapata pauni bilioni 22.5. Mwaka huohuo Uswisi ilinadi leseni nne. Wanunuzi wakabaki wanne, na bei karibu haikupanda. Mnada ni uleule kwa jina. Tofauti ilikuwa katika mpango uliotangulia.

Hata hivyo, wingi wa fedha si kipimo pekee cha haki. Mwaka 2013 Uingereza hiyohiyo iliifunga leseni moja kwa sharti: mtandao wake uwafikie asilimia 98 ya watu ndani ya nyumba zao kabla mwaka 2017 haujaisha. Mtu wa kijijini alikumbukwa kabla dau la kwanza halijawekwa.

Tutaambiwa kwamba masharti ya namna hii hupunguza bei. Ni kweli, nasi twakubali hasara hiyo. Fedha za mnada huingia na kutumika. Leseni hudumu miaka mingi, na kijiji kilichosahauliwa siku ya mnada husahauliwa miaka hiyo yote.

Kwa hiyo twadai kanuni zitangazwe mapema kwa wote. Twadai pawepo bei ya chini isiyovukwa, na mpaka wa kiasi ambacho kampuni moja inaweza kumiliki. Washindani wakiwa wachache, dau la mwisho lifungwe katika bahasha, mtu asipate kumnong'onezea mwenzake kwa tarakimu. Na wajibu wa kufikia vijiji uandikwe ndani ya leseni, pamoja na adhabu kwa atakayeukiuka.

Kwetu Kongo, ambako wako wanaopanda kilima ili kuipata sauti ya ndugu aliye mbali, madai haya hayatuhusu kwa mbali. Anga lililo juu ya kilima kile ni mali ya yule anayekipanda. Atakayeligawa bila kumkumbuka amegawa kisicho chake, hata kama nyundo imegongwa hadharani.