Kura zapigwa Kasuku, namba zatoka Kinshasa

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya Wakongomani kupiga kura, intaneti ilizimwa nchi nzima. Ilirudi baada ya wiki tatu hivi, Félix Tshisekedi akiwa ameshatangazwa mshindi. Katika siku hizo matangazo ya redio ya Ufaransa, RFI, nayo yalikatwa, na mwandishi wake aliyekuwa Kinshasa, Florence Morice, akanyang'anywa kibali cha kazi. Kindu, makao makuu ya mkoa wa Maniema, ilibaki na redio za hapo hapo na midomo ya watu. Mji ulikuwa na sababu ya pekee ya kutega sikio: Emmanuel Ramazani Shadary, mgombea wa kambi ya rais aliyekuwa anaondoka, Joseph Kabila, ni mtoto wa Maniema. Mahali kama hapo, asilimia ya kubuni haikosi msikilizaji.

Tangu wakati huo simu zimeongezeka, na makundi ya WhatsApp yamefika hata kwenye vijiwe vya pikipiki. Kila uchaguzi unapokaribia watu huuliza tovuti gani ya kuaminika. Swali lina haki yake, ila linamtaka msomaji achague bwana wa kumfuata. Lenye faida zaidi ni hili: namba hii imetoka kwenye karatasi gani, na nani anaweza kuiona karatasi hiyo?

Karatasi ipo. Mpiga kura wa Kongo hugusa kioo cha mashine, mashine ikachapa kura yake, naye akaitumbukiza sandukuni. Jioni kura zile za karatasi huhesabiwa kwa mkono mbele ya mashahidi wa wagombea, matokeo yakajazwa kwenye fomu, ikatiwa saini, na nakala yake ikabandikwa hapo hapo kituoni ili kila mtu asome. Nakala nyingine husafiri hadi kituo cha kujumlisha matokeo, na kutoka huko hesabu huenda Kinshasa, ambako Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, CENI, hutangaza. Raia wa Kasuku au Mikelenge, hapa Kindu, anaweza kuona mwanzo wa safari hii kwa macho yake, na mwisho wake akauona kwenye televisheni. Katikati ndiko uongo unakopata nafasi, uwe wa mwenye cheo au wa mwenye simu.

Mwaka 2011 katikati hiyo ilionekana, angalau kwa sehemu. CENI ya wakati huo, chini ya mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, ilichapisha mtandaoni matokeo ya kituo kimoja kimoja. Joseph Kabila alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 49, Étienne Tshisekedi akapewa 32. Lakini kwa kuwa namba za vituo zilikuwa wazi, waangalizi wa Carter Center waliweza kukaa nazo na kuzichambua. Wakakuta maeneo ya Katanga, Malemba-Nkulu likiwemo, ambako waliojitokeza kupiga kura walifika kati ya asilimia 99 na 100, na karibu kura zote zikawa za Kabila. (Kana kwamba siku ile hakukuwa na mgonjwa, msafiri wala mfiwa.) Kinshasa nako matokeo ya vituo vinavyokaribia 2,000 yalikuwa yamepotea. Carter Center ilisema matokeo hayo hayaaminiki, ingawa haikudai kwamba mshindi angekuwa mwingine. Hayo yote yalijulikana kwa kusoma takwimu za tume yenyewe, na hakuna aliyehitaji kuiba hati ya siri.

Uchaguzi wa 2018 ulikwenda kinyume. CENI ya Corneille Nangaa ilitangaza, usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari 2019, kwamba Félix Tshisekedi amepata asilimia 38.57, Martin Fayulu 34.8, Shadary 23.8. Matokeo ya vituo hayakuchapishwa. Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000, lilisema linamjua mshindi na kwamba namba za tume hazilingani na zake. Siku chache baadaye gazeti la Financial Times likachapisha uchambuzi wa takwimu zilizovuja: kwa hesabu yake Fayulu alikuwa na karibu asilimia 59. Msomaji wa Kindu aliyerudishiwa intaneti alikuta pande mbili zinazopingana kabisa, wala hakuwa na chombo cha kuzipima. Angemwamini Nangaa, angewaamini maaskofu, au angeamini gazeti la London, kila mmoja kwa imani tu. Leo Nangaa anaongoza Alliance Fleuve Congo, muungano wa kisiasa wa waasi wa M23, na matamshi yake kuhusu uchaguzi ule yanazunguka kwenye simu kama ushahidi. Siyo ushahidi. Ni maneno ya mtu mwenye vita vyake.

Kura za tarehe 20 Desemba 2023 zilileta fundisho gumu zaidi. Upigaji kura uliotakiwa kumalizika siku moja ulisogezwa mbele, na katika sehemu nyingine uliendelea siku kadhaa. Mtandaoni zikapita video za mashine za kura zikiwa majumbani kwa watu. Mtumiaji makini, aliyekwisha kuumwa na picha za kughushi, angezifuta akijisifu kwa uangalifu. Kumbe baadhi ya mambo yalikuwa kweli: tarehe 5 Januari 2024 CENI yenyewe, sasa chini ya Denis Kadima, ilifuta kura za wagombea 82 wa ubunge na mabaraza, na miongoni mwa sababu ilitaja wizi wa kura na kumiliki mashine kinyume cha sheria. Uchaguzi wa wabunge wa Masimanimba na Yakoma ulifutwa wote. Kwa hiyo kanuni ya kuamini cha serikali na kutupa cha mtaani haikumsaidia mtu, na ile ya kutupa cha serikali ingemfichia tangazo lenyewe la kufutwa.

Kuna vyombo vinavyofanya kazi ya katikati hiyo kwa heshima. Radio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, imekuwa na waandishi Kindu na hutangaza kwa Kiswahili pia. Uzito wake uko katika kueleza kilichotokea mikoani, siyo katika kutabiri mshindi. Mtandao wa Actualite.cd ni mwepesi na huwa unataja nani kasema nini. Congo Check, iliyoanzia Goma, huchukua picha au tangazo linalozunguka na kulifuatilia hadi lilikotoka. Ujumbe wa waangalizi wa Wakatoliki na Waprotestanti, CENCO-ECC, ulifanya hesabu yake sambamba mwaka 2023. Ulisema mgombea mmoja amepita nusu ya kura, na katika taarifa hiyo hiyo ukaorodhesha kasoro nyingi. Kambi ya rais ilipenda nusu ya kwanza, wapinzani wakapenda ya pili. Ripoti inayomuudhi kila mtu kidogo mara nyingi inafaa isomwe mpaka mwisho.

Vyombo vingine vinahitaji tahadhari ya namna yake. Redio na televisheni nyingi nchini ni mali ya wanasiasa, na coupage, ile bahasha anayopewa mwandishi baada ya mkutano, haijatoweka. Mwandishi anayekataa bahasha naye ana hatari zake. Stanis Bujakera, mmoja wa waandishi wanaofuatwa sana mtandaoni nchini, alikamatwa Septemba 2023 kwa madai ya kusambaza hati bandia ya idara ya usalama. Alitoka Machi 2024. Kampeni, kura na matokeo vyote vilipita akiwa gerezani, na mwaka 2023 huo huo sheria mpya ya mambo ya dijitali ilikuwa imeweka adhabu kwa anayesambaza habari za uongo. Sheria hiyo inamtisha anayeuliza kuliko inavyomtisha anayebuni, kwa sababu anayebuni hujificha nyuma ya jina la uongo.

Halafu kuna lugha. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Tovuti ya tume, maamuzi ya Mahakama ya Katiba na ripoti nyingi za waangalizi huandikwa kwa Kifaransa. Mfanyabiashara wa soko la Kindu anayesoma Kiswahili vizuri na Kifaransa kwa shida hupata habari ikiwa imeshatafsiriwa na mtu wa kundi lake la WhatsApp, kwa sauti ya dakika mbili, bila jina. Tume inayolalamikia uvumi imewaachia wavumi kazi ya ukalimani.

Kenya inaonyesha kinachowezekana. Agosti 2022 tume ya huko, IEBC, iliweka mtandaoni picha za Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000, na mtu yeyote aliweza kuzipakua. Vituo vya televisheni vilijumlisha kila kimoja kwa mpangilio wake, namba zikapishana kwa saa kadhaa, watu wakachanganyikiwa. Makamishna wanne kati ya saba waliyakataa matokeo. Utulivu haukupatikana, basi. Lakini William Ruto alipotangazwa kwa asilimia 50.49, aliyetilia shaka alikuwa na fomu za kupinga nazo, na katika kesi iliyofika Mahakama ya Juu matokeo yaliweza kuhojiwa fomu kwa fomu.

CENI inaweza kujibu kwamba Kongo si Kenya. Ni kweli: vituo vilikuwa kama 75,000 mwaka 2023, barabara za Punia na Lubutu zinajulikana, na Tanzania ya Oktoba 2025 imekumbusha kwamba mtandao unaweza kuzimwa siku yenyewe ya kura. Ila fomu za Maniema tayari husafiri kwa pikipiki na mtumbwi hadi kwenye vituo vya kujumlisha matokeo, ambako kuna jenereta na watumishi wa tume. Kuipiga picha kila fomu pale, na kuiweka kwenye tovuti ikiwa na jina la kituo na maelezo mafupi ya Kiswahili, ni kazi ndogo kuliko kuifikisha pale. Mtandao ukizimwa, picha itasubiri. Waliosoma nakala ya ukutani bado watakuwa na namba zao za kulinganisha. Uchaguzi ujao unatarajiwa mwishoni mwa 2028, na mjadala wa kubadili katiba ulioanzishwa na rais Oktoba 2024 huko Kisangani umekwisha kuamsha makundi ya simu. Wabunge wa Maniema wana muda wa kuidai hatua hiyo iingie katika sheria kabla kalenda ya uchaguzi haijatangazwa.