Na Yale Magari 77?

Mwezi uliopita, kwenye matanga huko Gede, mhubiri mmoja alitushikilia juani hadi sima ikapoa. Marehemu alikuwa dereva mstaafu, mzee mwenye heshima zake, na hapo ndipo mhubiri alipopata mteremko. "Vijana wa leo," akanguruma, "ni kama magari ya leo. Plastiki tupu! Ukigusa, pasuka! Wazee wetu walikuwa Pijo 404. Chuma!" Amina zikaitikiwa. Wazee wakatikisa vichwa kwa raha. Vijana waliochimba kaburi tangu alfajiri, wakafunga turubai, wakabeba viti na mapipa ya maji, wakatazama chini.

Nilinyamaza kwa sababu ya msiba. Sasa matanga yameanuliwa, na mimi sina tena sababu ya kunyamaza.

Imani hii ya chuma imetapakaa kutoka Mtwapa hadi Mambrui. Utaisikia kwa kinyozi, utaisikia barazani kahawa ikimiminwa, utaisikia kwa makanga ambaye hajafikisha miaka ishirini na hiyo Pijo 404 hajaipanda hata siku moja. Gari la zamani lilikuwa gari. La sasa ni kopo. Na siku hizi imani imezaa mtoto: kwamba ukiwa na gofu la gari nyuma ya nyumba, liko juu ya mawe, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, basi umekalia hazina. Siku yoyote Mtaliano atatokea Malindi na begi la pesa alinunue.

Tuanze na hiyo Pijo, maana ndiyo iliyotajwa matangani. Sifa yake imetoka kwenye mbio za magari za Safari. Mashindano hayo yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kumsherehekea malkia wa Uingereza. Peugeot 404 ilishinda 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Sibishi. Lakini wanaopenda kuzitaja hizo tarehe huishia hapo, kama mtu anayekusomea nusu ya barua. Mwaka huo wa 1963 magari 84 yaliondoka. Yaliyofika mwisho ni 7. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90. Yaliyofika, 7 vilevile. Hayo yaliyokwama matopeni, yaliyovunja ekseli, yaliyopasua sampu, yaliyozimika usiku porini, yalikuwa ya nini? Ya plastiki? Yalikuwa chuma kilekile cha wakati uleule, tena yametoka kwa mafundi walioyaandaa kwa miezi kwa kazi hiyo moja.

Basi kila mtu akiniletea hadithi ya chuma cha kale, mimi nina swali moja tu. Na yale magari 77?

Hakuna anayeyaimba. Hayako kwenye picha ukutani, hayako kwenye mahubiri. Gari lililokufa 1963 haliwezi kuegeshwa mbele ya hoteli likupigie honi. Lililobaki ndilo unaloliona, ukaamua kwamba yote yalikuwa hivyo. Mnahesabu waliobaki, kisha mnawapigia makofi kwa kuwa wamebaki.

Nilipomwambia hivyo jirani yangu, alinijibu kwa hoja ambayo nadhani alilala nayo usiku kucha: "Mbona 504 ya babu inatembea mpaka leo?" Inatembea, naam. Injini yake ni ya Toyota. Gia boksi imetoka kwenye pikapu ya Nissan. Rejeta ni ya gari lisilojulikana. Milango miwili ilinunuliwa Mombasa, taa moja inatazama barabara na nyingine inatazama minazi. Ya babu iliyobaki ni namba ya gari na mdomo wa babu. Na ili itembee Jumapili, hulala kwa fundi kuanzia Jumatatu.

Huyo fundi ndiye asiyetajwa kamwe. Magari yale yalidumu kwa sababu spea zilikuwepo, 504 zenyewe zikiunganishwa humu humu Kenya, na kwa sababu chini ya kila mwembe kulikuwa na mtu mwenye spana anayejua kabureta kwa kuisikiliza. Mwangalie marehemu Joginder Singh, aliyeshinda Safari mara tatu, 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alishiriki mara 22, akafika mwisho mara 19. Ni chuma gani hicho kilichomfikisha, maana magari yalikuwa yakibadilika? Mtu yule alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alijua gari linaumwa wapi kabla halijalalamika. Lakini sisi tunalisifu bati, fundi tunamwambia aje mwisho wa mwezi.

Sasa twende kwa hao matajiri wa ng'ambo ambao eti watakuja kununua magofu yetu. Ni kweli wapo watu wanaogombania magari ya kale minadani, na huko Marekani wana kabila moja la magari wanalolipenda kupita kiasi: yale yaliyoundwa kiwandani kwa mbio za moja kwa moja. Unasimama, taa inawaka, unakanyaga, unafika robo maili, yaani mita 402, basi, mashindano yamekwisha. Mwaka 1964 Ford walitengeneza Thunderbolt 100 tu, yaani gari la Fairlane lililoshindiliwa injini ya lita 7 iliyokuwa haienei humo. Mwaka 1968 Dodge wakatoa Dart yenye injini ya Hemi, lita 7 vilevile, kama 80 hivi. Iliyo halisi leo inauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola.

Wapenzi wa chuma, kaeni vizuri. Boneti ya Thunderbolt ni ya fibaglasi. Madirisha yake ya pembeni ni ya plastiki. Dart ile ina boneti na madigadi ya mbele ya fibaglasi, na milango yake ililiwa na asidi makusudi ili bati lipungue unene. Kiti cha nyuma hakuna. Redio hakuna. Kioo cha dirisha hakina hata mkono wa kuzungushia. Unakivuta kwa mkanda. Lilitoka kiwandani likiwa na rangi ya chini tu, bila garantii, na kibandiko kinachomwonya mnunuzi kwamba si gari la barabara za watu. Hilo ndilo gari la kale ambalo tajiri anauza nyumba alipate: gari ambalo waliolitengeneza walikuwa wakikimbia chuma kwa kila mbinu.

Bei yake imetoka wapi, basi? Imetoka kwenye uchache, na kwenye karatasi zinazothibitisha lilizaliwa hivyo. Yalikuwa 80, mengi yakaharibiwa na wenyewe kwenye mbio. Pijo yako iliunganishwa kwa maelfu, karatasi zimeliwa na mchwa, na injini nimeshasema ni ya nani. Huyo Mtaliano unayemngoja ameishi Malindi miaka mingi na kila siku anapita mbele ya gofu lako akienda sokoni. Hajasimama.

Tena tukisema chuma, tuseme na bahari. Chumvi ya upepo wa kusi haina heshima kwa wazee. Mabati ya miaka ya sitini hayakupakwa zinki kama ya sasa. Ukiegesha karibu na ufuo wa Silversands, kutu inaanza kazi bila kuajiriwa. Bampa ya plastiki aliyoidharau mhubiri haijawahi kuota kutu hata siku moja. Na wale wa "Land Rover ndiyo chuma chenyewe" nawapa pole: tangu 1948 bodi yake ilitengenezwa kwa alumini, kwa kuwa baada ya vita Uingereza chuma kilikuwa adimu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba imani hii inaua. Mwaka 2009 taasisi ya makampuni ya bima ya Marekani inayopima usalama wa magari, ikisherehekea miaka 50, iliyagonganisha uso kwa uso magari mawili ya Chevrolet: Bel Air ya 1959, jitu la chuma kuanzia bampa hadi mkia, na Malibu ya 2009, "kopo". Kila moja lilikuwa na mwanasesere wa kupimia. Chumba cha dereva wa Bel Air kilikunjamana. Vipimo vikaonyesha dereva wake angekufa. Yule wa Malibu angeumia mguu. Kopo lilijikunja mbele kama lilivyoundwa lijikunje, likaumeza mshindo, likamwacha mtu. Jitu la chuma likampokeza dereva mshindo wote.

Mhubiri mwenyewe, nisisahau, alikuja na Toyota Noah. Nililiona limeegeshwa kivulini. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na sijasikia amina yoyote ya kudai tuletewe 404. Walioitikia kwa sauti kubwa waliondoka wakibanana ndani ya Probox, gari ambalo Toyota ilianza kulitoa 2002 na ambalo leo linabeba nusu ya kaunti ya Kilifi: maembe, makuti, mbuzi, wanafunzi, maharusi, na mara nyingine yote pamoja. Kama hilo ni kopo, basi kopo ndilo linalotulisha. Na 1993, Safari ikiwa bado Safari, Patrick Njiru alichukua Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 660, akafika wa nne. Wa nne, nyuma yake wakaachwa wenye mashine kubwa. Vivio hilo halijapata kutajwa katika mahubiri ya mtu.

Na hawa wapenzi wa vya kale, mapenzi yao huchagua. Mwaka 2022 mibuyu ya kale ya Kilifi iling'olewa na mizizi yake ili ipelekwe nchi ya Georgia. Sikumsikia mhubiri. Wanasiasa wetu nao, wanaokuja matangani kwa msafara wa Prado wakatutimulia vumbi, wakanyang'anya kipaza sauti, walianza kupiga kelele baada ya magazeti. Kikiwa cha kale na kinahitaji kutetewa, watu hawaonekani. Kikiwa cha kale na kinafaa kumtukania kijana, watu tele.

Maana hapo ndipo ubaya wa mfano ule ulipo. Ulisomwa wasifu wa marehemu, nikausikiliza vizuri. Walizaliwa tisa kwa mama mmoja. Waliofika utu uzima ni wanne. Watano walichukuliwa na homa na surua kabla ya kuota meno ya pili, enzi hizo za chuma. Yeye alifika miaka themanini na kitu, Mungu amrehemu, na kwa sababu alifika, mhubiri akatangaza kwamba kizazi chote kilikuwa imara. Wale watano walikuwa wa nini? Kijana aliyechimba kaburi lile yuko hai kwa sababu alichanjwa. Kumwita plastiki kwa hilo ni kukosa adabu, hata kama mwenye kusema ameshika kitabu kitakatifu.

Anayetaka kupenda gari la kale na apende. Hata mimi 404 ikipita nageuza shingo. Ina umbo zuri kuliko magari mengi ya leo. Lakini alipende kwa uzuri wake na amlipe fundi pesa zake zote, leo, si mwisho wa mwezi. Na wewe unayerudi kutoka matangani na Probox, ukikuta mkanda wa kiti umekatwa ili wapate kuingia watu wanne nyuma, shuka, ungoje jingine.